Nani Hulipa Kisasi? Gatumba, Filamu ya Kikauboi na Funzo kwa Walimu wa Kiswahili

Utangulizi

Swali lililozaa makala hii liliulizwa darasani. Tulikuwa tunafundisha mnyambuliko wa vitenzi, na ubaoni tulikuwa tumeandika kitenzi lipa pamoja na watoto wake: lipia, lipwa, lipika, lipisha, lipiza, lipana. Tulipofika kwenye lipiza tulitoa mfano ambao karibu kila mwalimu huutoa, yaani kulipiza kisasi. Mwanafunzi mmoja, mwenyeji wa Gatumba, akanyosha mkono akauliza: "Mwalimu, watu husema kulipa kisasi na pia kulipiza kisasi. Sasa huyo anayelipa ni yupi, aliyekosa au aliyekosewa?"

Wenzake walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Tulimjibu kwa sarufi, kama ilivyo desturi yetu tunapobanwa. Tulieleza kauli ya kutendesha, tukaeleza nafasi ya mtenda na mtendwa, tukaendelea na kitenzi kingine. Lakini jibu letu halikututosheleza hata sisi wenyewe. Mtu anayetoka Gatumba haulizi swali la namna hiyo kwa ajili ya mtihani tu.

Kwa wasomaji wasiopajua, Gatumba ni mji mdogo ulioko magharibi ya Bujumbura, katika barabara iendayo Uvira, kilomita chache tu kabla ya kuufikia mpaka wa Kongo. Upande mmoja uko mto Rusizi, upande mwingine liko ziwa Tanganyika. Ni mahali pa wavuvi, wafugaji, wachuuzi na wapita njia, na Kiswahili husikika hapo kila siku, kile cha Buyenzi na kile cha Uvira, pamoja na Kirundi. Jina la Gatumba lilienea duniani mara mbili, mwaka 2004 na mwaka 2011, na mara zote mbili lilienea kwa sababu ya damu.

Makala hii ina lengo la kulirudia swali la mwanafunzi wetu na kulijibu kwa njia ya historia. Tutaanza na neno lenyewe. Kisha tutaizungumzia filamu moja ya zamani ya Marekani ambayo tuliwaonyesha wanafunzi wetu baada ya somo lile, kwa kuwa inaonyesha wazi kisasi kinamfanya nini anayekifuata. Baada ya hapo tutarudi Gatumba.

Neno kisasi na safari yake

Neno kisasi lina asili ya Kiarabu. Katika sheria ya Kiislamu neno hilo lina maana ya adhabu inayolingana na kosa: nafsi kwa nafsi, jicho kwa jicho, wala si zaidi. Watu wengi hudhani kwamba kanuni ya jicho kwa jicho ilitungwa ili kuhimiza watu kulipizana. Ukweli ni kwamba ilitungwa ili kuweka mpaka. Kabla yake, mtu mmoja wa ukoo akiuawa, ukoo wa pili ungeweza kupoteza watu kumi. Kanuni ikasema: mmoja kwa mmoja, tena ni yule aliyetenda, tena kwa hukumu ya kadhi. Zaidi ya hayo, ndugu wa marehemu walipewa hiari ya kusamehe au kupokea dia, yaani malipo ya damu.

Katika safari yake ya kuingia katika Kiswahili cha kila siku, neno hilo lilibaki na moto wake lakini likapoteza mipaka yake. Leo tukisema "fulani amelipiza kisasi" hatuna haja ya kutaja kadhi, wala kipimo, wala kama aliyelipizwa ndiye aliyekosa. Neno kisasi sasa linabeba hasira peke yake, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba hasira ni hasara.

Kirundi nacho kina la kutufundisha. Kulipiza kisasi kwa Kirundi ni kwihora. Ndani ya kitenzi hicho mna kiambishi -i-, ambacho kazi yake ni sawa na ile ya -ji- katika Kiswahili chetu. Kwa hiyo tendo linamrudia mtenda mwenyewe. Tunawaomba wasomaji waikumbuke hoja hii, kwa sababu tutaihitaji mwishoni.

Filamu iitwayo The Searchers

Baada ya swali lile tuliwaonyesha wanafunzi filamu ya kikauboi iitwayo The Searchers, yaani Watafutaji, iliyoongozwa na John Ford na kutolewa mwaka 1956. Mwigizaji mkuu ni John Wayne. Filamu hiyo ilitokana na riwaya ya Alan Le May ya mwaka 1954, na mwaka 1989 iliwekwa katika orodha ya kwanza ya filamu ambazo taifa la Marekani liliamua zihifadhiwe kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Kisa ni chepesi kusimulia. Mwaka 1868, huko Texas, mtu mmoja aitwaye Ethan anarudi nyumbani kwa kaka yake, miaka mitatu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha. Haupiti muda, wapiganaji wa Wakomanche wanaivamia nyumba hiyo. Wanamwua kaka, mkewe na mtoto wao wa kiume, na kuwachukua mabinti wawili. Mkubwa anakutwa amekufa njiani. Mdogo, Debbie, anatafutwa kwa miaka na Ethan pamoja na kijana aitwaye Martin, aliyelelewa katika nyumba hiyo, ambaye ana asili ya Kihindi Mwekundu kwa mbali.

Mwanzoni mtazamaji anadhani anaangalia habari ya mjomba mwema. Lakini kadiri safari inavyoendelea, Ethan anageuka. Anaifyatulia risasi maiti ya Mkomanche machoni ili roho yake itangetange milele. Anawapiga risasi nyati ovyo, si kwa ajili ya nyama, bali ili Wakomanche wafe njaa. Na anapogundua kwamba Debbie sasa ni msichana mkubwa anayeishi kama Mkomanche, anakusudia kumwua. Yule yule aliyemtafuta miaka yote ndiye anayetaka kumpiga risasi. Kisasi kilichoanza kwa ajili ya mtoto kinamgeukia mtoto mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi wetu waliliona mapema kuliko sisi. Mkuu wa Wakomanche, aitwaye Scar, anapokutana na Ethan anaeleza kwamba wanawe wawili waliuawa na wazungu, na ndiyo maana anaua. Kumbe naye ana daftari la madeni. Na mapema katika filamu linaonekana kaburi la mama yake Ethan, ambaye aliuawa na Wakomanche mwaka 1852. Kila mmoja anafungua daftari lake katika ukurasa ule unaomwonyesha yeye kuwa ni mdai. Hakuna anayefungua ukurasa wa nyuma yake.

Mwishoni Ethan anamkamata Debbie, anamwinua juu, na badala ya kumwua anampeleka nyumbani. Watu wote wanaingia ndani. Ethan peke yake anabaki nje, na mlango unafungwa. Hakufungwa jela wala hakupigwa risasi. Adhabu yake ni kwamba hana tena nyumba ya kuingia.

Tukumbushe kwamba nyuma ya kisa hiki kuna historia. Mwaka 1836 msichana mdogo, Cynthia Ann Parker, alichukuliwa na Wakomanche huko Texas. Aliolewa nao na kuzaa nao. Mwaka 1860 wazungu "walimwokoa" kwa nguvu, na maisha yake yote yaliyobaki alitamani kurudi kwa wanawe. Mwanawe Quanah akaja kuwa kiongozi mashuhuri wa Wakomanche. Waliodai kisasi kwa ajili yake hawakumwuliza yeye mwenyewe alitaka nini. Jambo hili la kudai kwa niaba ya mtu bila kumwuliza tutalikuta tena Gatumba.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004

Ili kuyaelewa ya Gatumba inabidi tuanzie Bukavu. Mwishoni mwa mwezi Mei na mwanzoni mwa Juni mwaka 2004, maafisa wawili wa jeshi la Kongo walioasi, Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi, waliuteka mji wa Bukavu. Nkunda alidai amekuja kuwanusuru Banyamulenge wasiuawe. Ni kweli kwamba raia kadhaa wa Banyamulenge waliuawa na askari wa serikali katika siku hizo. Ni kweli pia kwamba askari wa waasi waliua, walibaka na kupora raia wengine wa Bukavu. Waasi walipoondoka mjini, deni lao lilibaki. Nalo likadaiwa kwa watu waliofanana nao kwa sura na lugha. Banyamulenge wasio na bunduki, mama wa sokoni, wanafunzi na wachungaji wa makanisa, wakaogopa kulipizwa yale ambayo hawakuyatenda. Maelfu ya watu wakavuka mpaka na kuingia Burundi.

Baadhi yao waliwekwa katika kambi ya muda ya Gatumba, iliyosimamiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi. Walilala katika mahema, karibu mno na mpaka walioukimbia. Wengi walikuwa Banyamulenge, ingawa walikuwapo pia Wakongo wa makabila mengine. Katika eneo hilo hilo walikaa vilevile Warundi waliokuwa wamerejea kutoka Kongo.

Ijumaa usiku, tarehe 13 Agosti 2004, kambi ilivamiwa. Walionusurika walisimulia kwamba kabla ya risasi walisikia ngoma na nyimbo za dini, na baadhi yao walidhani wamekuja watu wa kuwasaidia. Washambuliaji walipiga risasi, walitupa maguruneti na kuyachoma mahema moto pamoja na watu waliokuwamo. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa na ule wa shirika la Human Rights Watch ulihesabu watu 152 waliouawa na zaidi ya 100 waliojeruhiwa. Hesabu nyingine ziko juu zaidi. Wengi mno kati ya waliokufa walikuwa Banyamulenge, na wengi walikuwa wanawake na watoto. Warundi waliorejea, waliokaa upande wa pili, hawakuguswa. Kambi za askari wa Burundi hazikuwa mbali, lakini askari hawakuja kuwaokoa.

Waasi wa Palipehutu-FNL, waliokuwa wakipigana na serikali ya Burundi, walikiri kuhusika kupitia msemaji wao Pasteur Habimana. Maelezo yao yalikuwa kwamba kambi ile ilikuwa na wapiganaji. Human Rights Watch haikupata ushahidi wa madai hayo. Hapa mwanafunzi wa lugha anapaswa kuwa makini. Neno mpiganaji lilivutwa likafunika hema zima, kiasi kwamba bibi na kitukuu chake wakaingia ndani yake. Kabla ya mtu kuuawa kwa ajili ya kosa asilolitenda, lazima kwanza apewe jina lisilo lake.

Deni linavyosambaa

Yaliyofuata baada ya mazishi yanatufundisha mengi. Waliokufa walizikwa hapo hapo Gatumba. Azarias Ruberwa, ambaye wakati huo alikuwa mmoja wa makamu wa rais wa Kongo na ni Munyamulenge, alihudhuria mazishi, kisha akatangaza kwamba chama chake kinasimamisha ushiriki wake katika serikali ya mpito. Wakuu wa jeshi la Burundi na viongozi wa Rwanda walizungumza hadharani juu ya uwezekano wa kuingia Kongo kuwafuata waliohusika. Kwa siku kadhaa ilionekana kana kwamba vita vilivyokwisha rasmi mwaka uliotangulia vitawaka upya. Ruberwa alirudi serikalini baada ya Rais Thabo Mbeki wa Afrika Kusini kuingilia kati. Wakuu wa nchi za eneo letu, waliokutana Dar es Salaam mwezi huo huo, waliitangaza FNL kuwa kikundi cha kigaidi.

Tusieleweke vibaya. Uchungu wa Banyamulenge ulikuwa wa kweli, na hasira ya viongozi wao haikuwa ya kuigiza. Tunachosema ni kwamba watu 152 waliokuwa bado hawajakauka machozi ya kuliliwa walikuwa tayari wamegeuzwa hati ya madai. Kila upande uliitumia hati hiyo kwa shughuli zake. Ripoti ya Human Rights Watch ya Septemba 2004 ililiona hilo, nayo ikazungumzia katika kichwa chake uhalifu wa kivita na malengo ya kisiasa kwa pamoja. Wafiwa walitaka waliotenda wakamatwe. Wenye mamlaka walizungumza juu ya majeshi kuvuka mipaka. Hayo ni mambo mawili tofauti, na Kiswahili chetu kinayapa maneno mawili tofauti: haki na kisasi.

Haki ilikwenda wapi? Hati za kuwakamata viongozi wa FNL zilitolewa na serikali ya Burundi mwaka huo huo, lakini hazikutekelezwa. Tarehe 7 Septemba 2006 FNL ilitia sahihi mkataba wa kusimamisha mapigano huko Dar es Salaam, na mwaka 2009 ikaandikishwa kuwa chama cha siasa. Kiongozi wake, Agathon Rwasa, baadaye aligombea urais. Yeye amekuwa akikataa kubeba lawama ya Gatumba. Amani hiyo ilikuwa na faida yake, na hatuibezi, kwani risasi zilipungua na watu wakarudi mashambani. Hata hivyo miaka imepita zaidi ya 20 bila mahakama yoyote kumhukumu mtu kwa ajili ya usiku ule.

Mwaka 2011: baa ya Gatumba

Deni ambalo halikuamuliwa na mahakama halifutiki. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2010, ambao vyama vya upinzani viliususia baada ya duru ya kwanza, Burundi iliingia katika kipindi kibaya. Waliokuwa wapiganaji wa FNL walianza kuokotwa wakiwa maiti. Wafuasi wa chama tawala nao wakauawa. Human Rights Watch, katika ripoti ya mwaka 2012, ilieleza kwa kirefu mauaji hayo ya kujibizana: huyu leo, yule kesho, kila kifo kikitolewa kuwa ni jibu la kifo kilichotangulia.

Jumapili jioni, tarehe 18 Septemba 2011, watu wenye silaha waliingia katika baa moja ya Gatumba na kuwafyatulia risasi waliokuwa wakinywa na kuzungumza. Watu zaidi ya 35 walikufa. Walikuwa watu wa kawaida waliokuwa wakimaliza siku ya mapumziko. Baadaye kesi iliendeshwa na baadhi ya washtakiwa wakahukumiwa, lakini maswali mengi kuhusu waliotoa amri yalibaki. Na mauaji ya kujibizana hayakukoma, bali baada ya shambulio hilo watu zaidi waliohusishwa na FNL waliuawa.

Tunaona basi kwamba ndani ya miaka 7 mahali pale pale palimwagika damu mara mbili. Waliokufa mwaka 2004 hawakuwa ndugu wa waliokufa mwaka 2011, wala hawakuwa na ugomvi nao. Ndiyo sababu tunasema kisasi si deni kwa maana ya kawaida. Deni la dukani hulipwa na mdaiwa, na likilipwa mdai hulifuta. Kisasi hulipwa na anayeonekana karibu, na kikilipwa huzaa kingine. Wahenga wetu walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na Gatumba, penye malisho ya Rusizi, imekuwa nyasi ya fahali wengi.

Mwalimu Nyerere na ratili ya nyama

Walimu wa Kiswahili tunayo bahati ya kuwa na maandishi ambayo tayari yamelijadili jambo hili katika lugha yetu. Mwaka 1969 ilitoka tafsiri ya Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare iitwayo Mabepari wa Venisi. Wengi tumeisoma au kuifundisha. Shailoki, Myahudi aliyetukanwa na kutemewa mate kwa miaka mingi, anapata nafasi ya kumshika adui yake Antonio kwa mkataba: deni lisipolipwa, akatwe ratili moja ya nyama ya mwili wake. Malalamiko ya Shailoki ni ya haki. Kudharauliwa kwake ni kwa kweli. Yeye mwenyewe anaeleza kwamba kisasi amejifunza kutoka kwa wale wanaomlaumu.

Lakini angalia anavyoshindwa. Portia hambishii kwamba hana madai. Anamwambia achukue nyama yake, ila asimwage hata tone moja la damu, wala asizidishe wala kupunguza uzito. Hapo ndipo Shailoki anapokwama. Hakuna kisu kinachokata nyama bila damu. Kipimo anachokitaka mwenye kisasi hakipatikani duniani. Na tusisahau kwamba wale waliomshinda Shailoki nao hawakutenda haki: walimpokonya mali na kumlazimisha kubadili dini yake. Walihubiri huruma, wakaishia kulipiza.

Miaka karibu 30 baada ya kutoa tafsiri hiyo, Nyerere huyo huyo alikaa na Warundi. Alianza kuwasuluhisha mwaka 1996, na mazungumzo ya Arusha yalifunguliwa mwaka 1998. Kila kikundi kilifika na daftari lake: huyu na mwaka 1965, huyu na 1972, huyu na 1988, huyu na 1993. Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 kazi ikiwa haijakwisha. Nelson Mandela akaipokea, na mkataba ukatiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000. Mkataba huo haukuwataka Warundi wasahau. Uliwataka waunde tume ya ukweli na maridhiano, yaani daftari zote zifunguliwe mezani kwa pamoja, kila mtu asome na kurasa za mwenzake. FNL haikuutia sahihi mkataba huo. Na sheria ya kuunda tume hiyo ilipatikana mwaka 2014 tu, miaka 10 baada ya Gatumba.

Methali yetu inasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Tumezoea kuitumia kuwanyamazisha watu. Tunadhani inahitaji kufundishwa kwa uangalifu zaidi. Mganga hawezi kuganga yajayo bila kujua ugonjwa ulianzia wapi.

Walionusurika

Kuna upande mmoja wa historia hii ambao ungepaswa kujulikana zaidi na wanafunzi wetu. Wengi wa walionusurika Gatumba walihamishiwa Marekani kuanzia mwaka 2007. Mmoja wao, Sandra Uwiringiyimana, alikuwa mtoto wa miaka 10 usiku ule, na mdogo wake Deborah aliuawa. Mwaka 2014 alisimama mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa akaeleza yaliyompata, na mwaka 2017 akachapisha kitabu cha maisha yake. Kila tarehe 13 Agosti walionusurika hukusanyika, huko waliko na hata Gatumba kwenyewe, wakawakumbuka ndugu zao na kudai mahakama.

Kudai mahakama ni jambo kubwa. Ni kukataa kazi ya Ethan na ya Scar. Ni kusema: tunamtaka aliyetenda, kwa jina lake, kwa ushahidi, na mbele ya hakimu, wala hatumtaki jirani yake, mwanawe au mtu wa kabila lake. Hiyo ndiyo maana ya kwanza ya neno kisasi, ile yenye kipimo na kadhi, iliyopotea njiani. Tunaweza kusema kwamba walionusurika wamelirudishia neno mipaka yake, na wao hawajalipwa chochote kwa kazi hiyo.

Nafasi ya mwalimu wa Kiswahili

Huenda msomaji akauliza: haya yote yanamhusu nini mwalimu wa lugha? Tunadhani yanamhusu kwa namna tatu.

Kwanza, katika darasa moja la Bujumbura wanakaa watoto wa daftari tofauti. Yuko ambaye babu yake alichukuliwa mwaka 1972, yuko ambaye shangazi yake aliuawa mwaka 1993, yuko aliyezaliwa kambini Tanzania, yuko Munyamulenge aliyezaliwa Uvira. Kiswahili hakikuzaliwa nyumbani kwa yeyote kati yao, na kwa hiyo kinaweza kuwa baraza ambalo wote wanaingia kwa kupiga hodi. Tusiipoteze nafasi hiyo.

Pili, tufundishe maneno kwa tofauti zake. Kisasi, haki, fidia, dia, adhabu, msamaha, suluhu: mwanafunzi anayeyachanganya maneno haya katika insha atayachanganya pia katika maisha. Zoezi zuri ni kumpa habari ya gazeti na kumwuliza kila tendo lililotajwa lastahili neno lipi.

Tatu, tuwe wakali na viwakilishi. Sentensi zenye wao, wale na watu hao zinahitaji kuulizwa: wao nani? Katika insha za wanafunzi wetu tumeona mara nyingi neno wale likibeba watu laki moja kwa kosa la watu kumi. Hilo ni kosa la sarufi kabla halijawa kosa la maadili, na sisi tunalipwa mshahara kusahihisha makosa ya sarufi.

Haya si ya kuahirisha. Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vya Kivu ya Kusini vilipopamba moto tena, makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka na kuingia Burundi, wengine wakiogelea au kupanda mitumbwi katika mto Rusizi. Gatumba yenyewe imeendelea kufikwa na maafa ya aina nyingine, kwani tangu mwaka 2020 mafuriko ya Rusizi na ziwa yameziondoa familia nyingi katika nyumba zao. Watu waliopoteza nyumba na watu waliokimbia vita wakikaa pamoja karibu na mpaka, maneno yanayosemwa juu yao yana uzito.

Hitimisho

Turudi sasa kwa mwanafunzi wetu. Aliuliza: katika kulipa kisasi, anayelipa ni yupi? Kwa mujibu wa sarufi, mtenda wa kitenzi lipa ni yule anayekifuata kisasi. Yeye ndiye anayelipa. Siku ile tulidhani huo ni upungufu wa lugha, tukamkimbizia kwenye lipiza ili mambo yakae sawa. Sasa tunaona lugha ilikuwa imesema kweli tangu mwanzo. Ethan alilipa, akabaki nje ya mlango. Shailoki alilipa. Kirundi kinasema vivyo hivyo katika kwihora, kwa kuwa tendo linamrudia mtenda. Na pale ambapo mlipa kisasi hakuonekana akilipa, walilipa wengine kwa niaba yake, watu 152 katika mahema na zaidi ya 35 katika baa, ambao hawakukopa kitu kwa mtu yeyote.

Tulimwita mwanafunzi yule wiki chache baadaye tukampa jibu hili. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Basi Mwalimu, andika hivyo na ubaoni." Ndivyo tutakavyofanya katika muhula ujao, na tunawaomba walimu wenzetu nao wafanye hivyo.